Bustani Yetu na Neno «Hiari»

Hotuba ya Mama Katibu wa kikundi cha bustani, iliyotolewa uwanjani pa kanisa siku ya Jubile



Baba Askofu Mkuu, Baba Paroko, mapadri na watawa mliotoka parokia jirani, wazee wa mashirika, baba na mama, na ninyi vijana mliosimama kule nyuma karibu na mlango,

Baba Paroko aliniomba niseme kwa muda wa robo saa juu ya kikundi chetu cha bustani. Nilimwambia kwamba sisi tumezoea jembe kuliko hotuba. Akanijibu kwamba kitabu cha Jubile kitataja kwaya, Legio, Kiro na Wamama Wakatoliki, na kwamba si haki watu wa bustani wakose neno lao, maana maua ya altare hayakujileta yenyewe. Hayo ni kweli. Lakini wakristu wengi wanafikiri kwamba kazi yetu ni maua tu. Kwa hiyo nitaanza na maua, halafu nitafika kwenye jambo ambalo halipendezi sana kutajwa siku ya sikukuu. Kikundi kizima kiliniagiza nilitaje, tena mbele ya wageni.

Tulianza tukiwa wamama sita, nyuma ya sakristia, na glayeli na dahlia za altare. Kazi ilikuwa ndogo na ya furaha. Kila Jumamosi tulikata maua, tulifagia, tulibishana kidogo juu ya rangi, tukarudi nyumbani.

Kisha ukafika mwaka 2003. Wenyeji wa Lubumbashi hawana haja ya kuelezwa, lakini nawaambia wageni na vijana. Mwaka ule watu zaidi ya 10.000 wa kampuni kubwa ya madini waliacha kazi kwa mpara mmoja, baada ya miezi mingi bila mshahara. Mpango ule uliitwa kwa Kifaransa «départs volontaires», maana yake kuondoka kwa hiari. Mume wangu alikuwa mmoja wao. Kampuni ilikuwa imetulea tangu utoto wetu: unga, shule, hospitali, nyumba. Fedha alizopewa mara ile moja tulizigawa mafungu, na mafungu yakaisha upesi kuliko tulivyohesabu. Katika mtaa wetu baba wengi walikaa mbele ya lupango toka asubuhi hata jioni, wakitazama barabara.

Ndipo nkambo mmoja wa kikundi chetu, ambaye Mungu amekwisha kumwita, alifanya neno ambalo tulimkasirikia sana. Jumamosi moja tulifika tukakuta amengoa nusu ya glayeli zetu na kupanda lenga-lenga. Tulipomwuliza, alisema: «Bikira Maria ameniambia kwamba hali maua.» Sijui kama Bikira Maria alisema hivyo. Najua tu kwamba baada ya majuma manne lenga-lenga zile zilikatwa, zikafungwa mafungu, na mafungu yale yalipelekwa katika nyumba saba ambazo hazikuwa zimepika mboga siku nyingi. Toka siku ile hatukugombana tena juu ya rangi.

Tulipotaka kuongeza watu, tulipata shida ambayo hatukuitazamia. Tulitangaza baada ya Misa kwamba tunatafuta watu wa kufanya kazi ya hiari siku ya Jumamosi, bila malipo. Wazee walicheka. Mmoja aliuliza kwa sauti kubwa: «Salongo imerudi?» Ninyi vijana hamkuijua Salongo. Katika wakati wa Mobutu, miaka ya 1970, ilikuwa kazi ya mikono ambayo raia wote walipaswa kuitoa, kufagia njia, kufyeka, kulima shamba la serikali, na aliyekosa aliogopa kukamatwa. Nayo iliitwa kazi ya moyo, kazi ya kupenda inchi. Baadaye yakaja yale ya 2003, nayo yaliitwa hiari. Hivi neno lenyewe lilikuwa limechafuka midomoni mwa watu wetu. Mwanadamu aliyeagizwa mara mbili apende kwa nguvu, hamwezi kumlaumu akisita mara ya tatu.

Tuliacha kutangaza. Tulifanya kazi tu, mlango wa lupango ukiwa wazi, na aliyepita aliona. Baba wa kwanza kuingia alikuja kutengeneza uzio kwa sababu mbuzi wake mwenyewe ndiye aliyekula matembele yetu. Alirudi juma lililofuata bila kuitwa. Yeye ndiye aliyetuchimbia kisima. Baadaye mume wangu naye alikuja, lakini yeye alisema kwamba anakuja kunisaidia kubeba maji, wala si kujiunga na wamama. Alisema hivyo kwa miaka mitatu.

Wale wasiolima hawajui kiangazi cha Katanga. Toka mwezi wa tano hata mwezi wa kumi mvua hainyeshi, au hainyeshi kwa kutosha, na lenga-lenga haivumilii kiu. Katika miezi ile ndipo mboga inapokuwa ghali sokoni, na ndipo bustani inapotakiwa zaidi. Kila tuta linaomba maji asubuhi na jioni. Mwezi wa sita na wa saba baridi ni kali, mikono inauma juu ya mpini wa ndoo, na mtu akifika kisimani kabla ya jua kutoka, anajiuliza kwa haki amefuata nini. Kwa majira ya mvua kuna kazi nyingine: maji yanabomoa matuta, magonjwa yanaharibu tomati, na kila mtu analima mahindi yake, hivi mikono inapungua. Sitasema mengi juu ya hayo. Wakulima wananielewa.

Mboga zetu zilikwenda mahali patatu: kwa wagonjwa wa mtaa wasio na ndugu wa kuwapikia, kwa watoto wenye kwashiorkor ambao kituo cha afya kilitujulisha, na kwa wafungwa, wakati kikundi cha parokia kilipowapelekea bukari siku ya Alhamisi. Tuliweka sheria moja, na nkambo yule ndiye aliyeitaka: majina ya wanaopokea hayasomwi, hayaandikwi ukutani, wala hayatajwi katika mashirika. Fungu linaachwa kwa mlango kama vile jirani anavyomwachia jirani. Tena tulikubaliana kwamba kila mkulima achukue fungu moja la nyumbani kwake. Watu wengine walinong'ona juu ya fungu lile. Mimi naona kwamba mtu mwenye njaa anayewapandia wengine na kurudi mikono mitupu, hatarudi siku nyingi.

Sasa nafika kwenye lile jambo.

Mwaka 2011 bustani ya kanisa ilikuwa imekuwa ndogo kwetu. Mtu mwema mmoja alitukopesha kiwanja upande mwingine wa mji, kikubwa mara tatu kuliko hiki, karibu na kijito. Tulifurahi mno. Hatukuuliza kwa nini kiwanja kikubwa namna ile, chenye maji, kilikuwa hakijalimwa. Tulilima kwa viangazi vitatu. Mimea haikustawi kama hapa. Sombe ilikuwa fupi, na majani ya shu yaligeuka manjano kati ya mishipa. Tulifikiri kwamba udongo umechoka tu, tukaongeza samadi. Mboga zilipatikana, kidogo, na tulizigawa kama kawaida.

Kiangazi cha tatu kijana mmoja wa parokia, aliyekuwa akisoma kilimo, alikuja kututembelea. Hakutazama mboga zetu. Alikwenda mpakani mwa kiwanja, akainama, akangoa mmea mdogo mkavu uliobakiza vichwa vichache vya maua ya zambarau. Akatuuliza: «Mama, huu mmeuona hapa siku nyingi?» Tulimjibu kwamba ni majani tu. Akasema kwamba mmea huu, ambao wataalamu wanauita Haumaniastrum katangense, unapenda udongo wenye shaba nyingi kuliko mimea mingine inavyoweza kuvumilia. Watafuta madini wanautumia kama alama, na wachunguzi wa mambo ya kale waliufuata hata wakagundua mahali ambapo babu zetu waliyeyusha shaba zamani, kabla ya wazungu kufika. Mmea ule ulikuwa unasema wazi, nasi hatukujua kusoma.

Lazima nieleze kidogo. Mji huu ulianzishwa mwaka 1910, na mwaka 1911 tanuru la kuyeyusha shaba lilianza kazi. Moshi ulipanda kwa miaka mingi, na pepo zetu, zaidi sana za kiangazi, zinatoka kusini-mashariki. Hivi vumbi la moshi lilianguka kaskazini-magharibi, mwaka kwa mwaka, mahali pamoja. Kule Penga Penga miti ya pori ilikufa na udongo ukabaki wazi kama sakafu. Katika vumbi lile hamna shaba peke yake. Mna kobalti, risasi, kadmiumu na aseniki. Majani yaliyooza yanageuka udongo, lakini madini hayaozi. Tanuru likizimwa leo, yaliyoanguka mwaka 1930 yangali pale pale. Kiwanja chetu kilikuwa katika njia ya upepo ule.

Na mmea unakula unachopewa. Udongo wetu mwekundu una uchachu, na katika uchachu madini yanayeyuka majini, mizizi inayanywa. Mboga za majani, yaani lenga-lenga, shu, matembele, ndizo zinazobeba mengi, tena juu ya majani yake linakaa vumbi jipya. Mahindi, maharagwe na tomati vinabeba machache katika tunda kuliko majani yanavyobeba. Sisi tulikuwa tumechagua majani, kwa sababu yanaota upesi na maskini anayapika bila mafuta mengi. Mwaka 2009 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walikuwa wamekwisha kutangaza matokeo ya uchunguzi wa mkojo wa watu wa Katanga: waliokaa chini ya kilometa 3 toka machimbo au viwanda vya madini walikuwa na kobalti nyingi kuliko waliokaa mbali, na watoto waliwapita wakubwa. Uchunguzi ule ulikuwa umetangazwa miaka miwili kabla hatujatia jembe katika kiwanja kile. Hatukuusoma. Hatukumwuliza mtu aliyeusoma.

Kijana alipeleka udongo na majani ya mboga kwenye maabara, na karatasi ilirudi baada ya majuma mengi. Hesabu zake sizisomi hapa. Ilitosha kwamba alitwambia: «Mama, msimpe mtoto majani haya.»

Usiku ule tulikutana katika chumba cha katekismu. Napenda mjue yaliyosemwa. Wengine walisema: tungoe, tufunge kiwanja, tunyamaze, maana tukisema, hakuna atakayepokea tena hata mboga za bustani njema. Wengine walisema: mboga za sokoni zinatoka wapi? Si zinatoka katika viwanja kama hivyo? Watu wanazinunua kwa fedha zao, nasi tulizitoa bure. Mimi, katibu wenu, nilikuwa upande wa kunyamaza. Nilisema kwamba mtu mwenye njaa hana nafasi ya kuogopa kobalti. Nilisema kwa nguvu, na nilifikiri kwamba nina akili.

Baba yule wa mbuzi ndiye aliyejibu. Alisema kwa upole, bila kunitazama: «Mwaka 2003 walituletea karatasi ya kutia sahihi, wala hawakutueleza yote yaliyomo. Waliita hiari.» Akanyamaza. Hatukupiga kura. Kesho yake tuligawana nyumba.

Tulikwenda wawili wawili. Tulisema kwa kila mlango mahali kiwanja kilipo, viangazi tulivyolima, na majani tuliyoleta. Wengine walikasirika, na walikuwa na haki. Wengi walitusikiliza tu. Mama mmoja, aliyelea wajukuu wanne peke yake, aliniacha nimalize maneno yangu yote ya udongo na pepo, kisha akauliza: «Basi kesho wale nini?» Sikuwa na jibu. Nilirudi kwa kikundi na swali lake. Tulikubaliana palepale kwamba kwa kiangazi kile chote fungu la nyumbani la kila mkulima liende kwa nyumba zile, mboga za bustani ya kanisa tu. Mume wangu alibeba fungu la kwanza. Toka siku ile aliacha kusema kwamba yeye anabeba maji tu.

Udongo wa bustani hii ya kanisa tuliupima nao. Katika mji huu hakuna udongo usiopata sehemu yake, lakini hapa ni kidogo sana kuliko kule. Yule kijana alitufundisha namna ya kufanya, nami nawaambia kwa sababu kila mmoja wenu mwenye lupango anaweza kuifanya. Tunatia chokaa ili kupunguza uchachu, na madini yanabaki katika udongo kuliko kuingia katika mzizi. Hatununui chokaa ya kupaka nyumba iliyochanganywa na rangi. Tunataka chokaa safi ya mawe, kama ile inayotoka katika mawe ya Kakontwe, karibu na Likasi. Tunatia mboji nyingi, maana majani yaliyooza yanashika shaba. Matuta ya lenga-lenga tumeyainua kwa udongo tulioutoa mbali na mji. Karibu na barabara hatupandi tena majani, tunapanda mahindi na mbaazi. Na tunaosha mboga kwa maji safi mara mbili kabla ya kuzifunga, ingawa kuosha kunaondoa vumbi la juu tu, hakuondoi kilichomo ndani ya jani. Mama wenye watoto wadogo, nawasihi: vumbi la uani na mikono ya mtoto ni vya kuangaliwa sawasawa na sufuria.

Kiwanja kile cha upande wa pili hatukukirudisha. Mwenyewe alihuzunika kuliko sisi, maana hakujua. Kule Penga Penga watu wa Chuo Kikuu walikuwa wameonyesha kwamba majani mafupi ya vilima vya shaba, yanayoitwa Microchloa altera, yakipandwa pamoja na chokaa na mboji, yanashika udongo uliokufa ili vumbi lisiruke. Tumejaribu vilevile. Sehemu kubwa sasa imefunikwa. Katika ile inayobaki, juu ya matuta yaliyoinuliwa, tumerudisha kitu ambacho hakiliwi. Glayeli mnazoziona leo mbele ya altare zimetoka kule. Nkambo yetu angecheka.

Baba Askofu Mkuu, mapadri wageni, mimi ni mama wa bustani wala si mtaalamu, lakini naomba neno moja kwenu. Tangu mwaka 2000 shirika la FAO lilisaidia kilimo cha mboga katika miji mitano ya inchi yetu, nao ni Kinshasa, Kisangani, Likasi, Lubumbashi na Mbanza-Ngungu, na parokia nyingi zina vikundi kama chetu. Kabla parokia haijapokea kiwanja kwa ajili ya maskini, udongo upimwe. Gharama yake ni ndogo kuliko sherehe ya kufungua bustani. Na matokeo yasomwe kwa sauti, kwa lugha ambayo mama wa mtaa anaisikia.

Kwenu ninyi wazee wa baraza la parokia, nina neno la pili, na mnalijua. Kuna mpango wa kujenga maduka ya kupangisha juu ya nusu ya bustani hii, upande wa kisima. Sisemi kwamba parokia haina haja ya fedha. Bati la kanisa linavuja juu ya kichwa changu kila Dominika ya mvua. Nasema tu kwamba udongo ule umepimwa, umetiwa chokaa kwa miaka mingi, na kwamba kuna nyumba kumi na moja ambazo zinakula juu yake, pamoja na nyumba ya yule mama wa wajukuu wanne. Tulimwahidi. Mkiamua kujenga, mtuite kwanza, ili twende mlangoni kwake sisi wenyewe kumwambia, kama tulivyokwenda mara ile.

Kazi yetu ni kila Jumamosi toka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Majembe yapo sita, ndoo hazitoshi. Mwenye ndoo aje nayo.